Wageni Nyumbani Kwao: Kesi ya Wamaasai, Mombasa 1913

Tarehe 26 Mei 1913, Jaji Mkuu Robert Hamilton alitoa hukumu yake katika Mahakama Kuu mjini Mombasa. Wadai walikuwa Wamaasai wa Laikipia. Wa kwanza wao aliitwa Murket ole Nchoko, jina ambalo mahakama ililiandika Ol le Njogo, na kwa makosa hayo ndivyo linavyosomwa hadi leo katika vitabu vya sheria. Mdaiwa mkuu alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Himaya ya Afrika Mashariki (Kenya ya leo), yaani serikali yenyewe, na pamoja naye Wamaasai waliotia alama zao kwenye mkataba wa pili, wa mwaka 1911. Madai yao hata mtoto angeyaelewa: mwaka 1904 serikali ilituandikia kwamba Laikipia ni yetu, mwaka 1911 ikaanza kutuondoa. Turudishieni nchi yetu, na mtulipe mifugo yetu.

Jaji hakuwaita waongo. Wala hakusema serikali ilitenda haki. Hakuna shahidi aliyesimama kueleza nani alitia alama yake kwenye karatasi, lini, na kwa shinikizo gani. Mawakili wa serikali walileta pingamizi la awali, na kesi ikafia hapo: mahakama haina mamlaka ya kusikiliza jambo hili, kwa kuwa Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza. Ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Makubaliano yao na Mfalme ni mkataba baina ya dola na dola, na mikataba ya aina hiyo haiamuliwi na mahakama za kawaida.

Nimeisoma kesi hii mara nyingi, na kila nikifika hapo husimama. Watu wanaswagwa pamoja na ng'ombe wao kwa amri ya mkuu wa wilaya, wanapangiwa wapi walale na wapi wanyweshe, kisha wakienda kulalamika wanaambiwa wao ni taifa huru lililofanya mkataba na taifa jingine. Ukoloni huwa tunausimulia kwa mlio wa bunduki, na bunduki zilikuwepo kweli. Kisa hiki kinatuonyesha kazi iliyofanywa na kalamu, na mawazo yaliyokuwa nyuma ya kalamu hiyo, baadhi yake yakiwa na umri wa karibu miaka mia mbili kabla Mzungu wa kwanza hajapiga hema Naivasha.

Nchi iliyoonekana tupu

Mambo yanaanzia kwenye maafa. Wamaasai huiita miaka ile ya mwishoni mwa karne ya 19 emutai, maangamizi. Ilianza homa ya mapafu ya ng'ombe. Ikaja sotoka, iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kushuka kusini, ikafyeka ng'ombe mpaka maboma yakabaki na ngozi tu. Ndui nayo ikageukia watu. Katikati ya hayo, mnamo 1890, oloiboni mkuu, yaani kuhani na mwaguzi, Mbatian akafariki, na wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, wakagombea nafasi yake. Sendeyo alikwenda upande wa Wajerumani. Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, aliegemea kwao.

Urafiki huo ulikuwa na sababu kwa pande zote mbili. Waingereza walikuwa wachache na walikuwa na haraka. Morani walikuwa na mikuki lakini hawakuwa na ng'ombe. Kwa hiyo morani wakaandamana na misafara ya Waingereza ya kuwaadhibu majirani, na mgao wao wa mifugo iliyotekwa ukawa ndio mbegu ya mazizi mapya. Hili ni jambo ambalo baadhi yetu hatupendi kulitaja, lakini bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mwaka 1904 Lenana alikubali kukaa kitako na serikali. Alikuwa anazungumza na watu aliowahesabu kuwa washirika.

Wakati huohuo reli ilikuwa inapanda. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na 1901 ikagusa Ziwa Victoria. Ilikuwa imemeza zaidi ya pauni milioni 5 za hazina ya Uingereza, na London ilitaka kujua fedha hizo zitarudi vipi. Reli hiyo ilikatiza katikati ya Bonde la Ufa, kwenye malisho bora kabisa ya Wamaasai, miaka kumi tu baada ya emutai. Aliyechungulia dirisha la behewa kati ya Naivasha na Nakuru aliona nyasi, maji, swala, na watu wachache mno. Akaandika kwamba nchi ni tupu.

Hapa ndipo penye kiini cha wazo la kikoloni kuhusu ardhi. Mfugaji anayahama malisho ili yapumzike. Bonde lisilo na mtu mwezi wa mvua ndilo litakalookoa ng'ombe wote kiangazi kikikaza. Kutokuwepo kwake pale ni sehemu ya matumizi yake ya pale. Lakini Ulaya ilikuwa na jibu jingine tayari. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, alifundisha kwamba ardhi huwa mali ya mtu pale anapoichanganya na jasho lake, na jasho alilolifikiria zaidi lilikuwa la mkulima. Mwanasheria Mswisi Emer de Vattel akaja mwaka 1758 na kusema waziwazi kwamba mataifa yanayoishi kwa kuwinda na kuchunga hushika ardhi kubwa kuliko wanayoihitaji, kwa hiyo hayana haki ya kulalamika mataifa yenye bidii zaidi yakija kuchukua sehemu yake. Vattel hakuwahi kuona Bonde la Ufa. Alikuwa akitafuta namna ya kuhalalisha yaliyokuwa yakitendeka Amerika. Hoja ikishaingia vitabuni, hata hivyo, husafiri bila kuulizwa imetoka wapi.

Ikasafiri mpaka kwa Kamishna Charles Eliot, aliyeiongoza Himaya hadi 1904. Huyu alikuwa msomi mkubwa, mjuzi wa lugha nyingi, na ndiye aliyeusukuma mbele mpango wa kuleta walowezi. Mwezi Aprili 1904 aliiandikia London kwamba hakuna shaka Wamaasai na makabila mengine mengi watazama, na kwamba analitazama jambo hilo kwa utulivu na kwa dhamiri safi. Maneno hayo yanaumiza zaidi kwa sababu yameandikwa bila hasira. Ni mtu anayeamini kwamba historia ina mwelekeo mmoja, na kwamba yeye ni karani wake tu.

Sheria nayo ilikuwa imeshaandaliwa. Mwezi Desemba 1899 wanasheria wa serikali ya London waliulizwa: katika himaya, ambako ardhi si ya Uingereza, Malkia anaweza kugawa viwanja kwa msingi gani? Wakajibu kwamba pale ambapo hakuna utawala wenye mpangilio, na ardhi haijamilikishwa kwa mtawala wala kwa watu binafsi, mamlaka juu ya ardhi iliyo wazi huangukia kwa taji la Uingereza. Likatoka agizo la mwaka 1901, na baada yake Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902. Walowezi wakaanza kumiminika. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ya Mashariki sehemu ya Uasin Gishu. Pendekezo hilo halikutimia, lakini jina lenyewe la mahali hapo ni la ukoo mmoja wa Wamaasai.

Lishike vizuri jibu hilo la 1899, kwa kuwa tutalirudia: watu hawa hawana utawala wenye mpangilio.

Karatasi ya Agosti 1904

Eliot alijiuzulu mwaka 1904 baada ya kugombana na Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu nani apewe mashamba gani kwenye Bonde la Ufa. Aliyemfuata, Sir Donald Stewart, hakukawia. Mwezi Agosti mwaka huo aliweka mkataba mezani.

Ukiusoma leo, ni waraka mfupi. Wamaasai wanakubali, kwa hiari yao, kuondoka Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Wanapewa maeneo mawili: Laikipia upande wa kaskazini, na jingine kusini ya reli. Kati ya maeneo hayo itatengwa barabara ya upana wa nusu maili, yenye maji njiani, ili ndugu waendelee kutembeleana na mifugo ipite. Watabaki na angalau maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop, mahali watakapopaonyesha Legalishu na Masakondi, kwa ajili ya tohara na sherehe zao kama walivyofanya mababu. Na mwishoni kuna ahadi: makubaliano haya yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani kama kabila, na Wazungu au walowezi wengine hawataruhusiwa kuchukua ardhi katika maeneo hayo.

Soma tena kipengele cha Kinangop. Anayeingia mkataba kwa kutojua haombi mahali maalumu pa tohara na kutaja watu wawili watakaopaonyesha. Hapo unasikia sauti ya wazee wakijadiliana, wakikubali kupoteza bonde zima lakini wakishikilia kipande kile ambacho bila hicho rika jipya la morani haliwezi kuzaliwa. Rika likikosa mahali pa kutahiriwa, kwa Mmaasai, jamii imekatika. Walijua hasa wanachokilinda.

Mkataba ulipita kwenye lugha tatu: Kiingereza, Kiswahili, Kimaasai. Waliotia alama zao chini, Lenana akiwa wa kwanza, waliyasikia maneno ya karatasi baada ya kupita Kiswahilini. Sisi wa Kiswahili, basi, tulikuwamo mle hemani, tukibeba ahadi ya Mwingereza kwenda kwa Mmaasai, na sijui mtu anayeandika kwa lugha hii anavyoweza kuisoma karatasi hiyo bila kuguswa.

Huyu Legalishu wa kwenye karatasi jina lake hasa ni Parsaloi ole Gilisho, laigwanan, yaani msemaji wa rika lake, wa Wapurko, sehemu ya Wamaasai waliokuwa Naivasha. Alitia alama mwaka 1904, akawaongoza watu wake kwenda Laikipia. Kwa Wamaasai sehemu hiyo ni Entorror, na sifa zake ziko kwenye nyasi tamu na hewa isiyo na maradhi. Miaka saba hivi walikaa, na mifugo ikazaana. Ile barabara ya nusu maili haikuwafaa kama walivyoahidiwa, kwa sababu amri za karantini ziliifunga kila maofisa waliposingizia au kuona ugonjwa wa ng'ombe, na kaskazini na kusini zikaanza kutengana.

Aprili 1911

Percy Girouard alikuja kuwa gavana mwaka 1909. Walowezi walikuwa wameshaona kwamba Laikipia ni nzuri kuliko walivyodhani walipoiacha. Hoja rasmi ya serikali ilikuwa na sura ya huruma: Wamaasai wamegawanyika vipande viwili, itakuwa heri wote wawe pamoja kusini, chini ya uongozi mmoja. Lenana alikuwa kusini, na mamlaka yake yangekuzwa.

Machi 1911 Lenana akafa. Serikali ikatangaza kwamba akiwa kitandani aliwausia watu wake wa kaskazini wahamie kusini. Mrithi wake Segi alikuwa kijana mdogo ambaye hakuwa hata ametahiriwa, akawekewa wazee wa kumwangalia. Tarehe 4 Aprili, wiki chache tu baada ya maziko, mkataba wa pili ulikuwa umewekwa alama. Jina la mtoto lilikuwa la kwanza. Ole Gilisho, ambaye alikuwa ameupinga uhamisho huo tangu mwanzo, naye aliishia kutia alama yake.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Oloiboni ni kuhani na mwaguzi. Watu humwendea kwa dua, kwa ndoto, kwa dawa ya vita. Uamuzi wa wapi ng'ombe wachunge huwa mikononi mwa wazee wa kila ukoo na malaigwanani wa marika. Waingereza walimwita Lenana mtemi mkuu wa Wamaasai wote kwa sababu walihitaji mtu mmoja wa kutia saini, na baada ya kumtengeneza kwenye karatasi wakairithisha kazi hiyo kwa mwanawe. Mkataba wa 1911 ulitegemea cheo ambacho mkataba wa 1904 ulisaidia kukiumba. Mbinu hii imetumika sehemu nyingi za bara letu, na majeraha yake bado yanaonekana kwenye migogoro ya uchifu.

Safari ilianza Juni 1911. Maelfu ya watu, wazee na watoto, pamoja na mifugo isiyohesabika kirahisi, waligawanywa katika misafara na kuelekezwa kupitia nyanda za juu za Mau. Ilikuwa msimu wa baridi na mvua. Malisho njiani yalikuwa yamefyekwa na waliotangulia, njia ikawa matope, ng'ombe wakaanza kuanguka, na watu pia wakafa. Serikali ikalazimika kuusimamisha uhamisho, wengine wakarudi Laikipia. Maswali yakaulizwa Bungeni London, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya barua za daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliyekuwa akiwaandikia watu wa Uingereza kuhusu alichokiona na kukisikia. Mwaka 1913 alihamishiwa Nyasaland.

Mwaka 1912 uhamisho ukaanza tena. Girouard mwenyewe alijiuzulu mwaka huo, baada ya Ofisi ya Makoloni kugundua ahadi za ardhi ya Laikipia alizowapa walowezi na kuzikana. Kwa wakati huo Ole Gilisho na wenzake walikuwa wamekwenda kwa wakili wa Nairobi, Alexander Morrison, na kesi ikafunguliwa. Fikiria hatua hiyo. Watu ambao dunia ya wakati ule iliwaeleza kama washenzi wa mikuki waliuza ng'ombe, wakaweka wakili, wakaenda kuishitaki serikali mbele ya mahakama ya serikali. Walikuwa wameamini kwamba karatasi ni karatasi.

Kesi ilikuwa bado inangoja mahakamani wakati boma la mwisho lilipong'olewa Laikipia mapema mwaka 1913. Hukumu ya Mei ilikuja kuikuta nchi imeshahamwa.

Jinsi hukumu ilivyofikiriwa

Hamilton hakuibuni sheria aliyoitumia. Alikuwa mwanasheria hodari, na baadaye aliingia Bungeni Uingereza kama mbunge wa Orkney na Shetland kwa tiketi ya Waliberali. Kanuni aliyoifuata inaitwa kitendo cha dola, na ilikomaa India. Mwaka 1855 Raja wa Tanjore alifariki bila mtoto wa kiume, na Kampuni ya Uhindi Mashariki ikachukua ufalme pamoja na mali yake. Mjane wake, Kamachee Boye Sahaba, akashitaki. Mwaka 1859 Baraza la Mfalme mjini London, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya milki zote, lilisema kitendo kile ni cha dola dhidi ya dola nyingine, kiwe cha haki au cha dhuluma, mahakama haina la kusema. Kanuni hiyo ikavuka Bahari ya Hindi pamoja na rupia, pamoja na sheria za jinai za India ambazo ndizo zilizokuwa zikitumika Afrika Mashariki wakati huo.

Kwa hiyo Hamilton, na baada yake Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliyoitupa rufaa Desemba 1913, walikuwa na msingi. Nalikubali hilo. Lakini ili kanuni ya kitendo cha dola ifanye kazi, lazima pande mbili ziwe dola. Lazima Wamaasai wawe na utawala wao, wenye uwezo wa kufanya mkataba na Mfalme. Majaji waliona kwamba bado wamebakiwa na kiasi fulani cha mamlaka yao ya asili, kiasi cha kutosha kwa kazi hiyo.

Sasa rudi kwenye jibu la 1899. Ardhi ilichukuliwa na taji kwa hoja kwamba watu hawa hawana utawala wenye mpangilio. Mwaka 1913 mlango wa mahakama ulifungwa kwa hoja kwamba watu hawahawa wana utawala, na utawala huo ulifanya mkataba wa kimataifa. Hoja mbili zinazopingana, na zote mbili zilimwangukia mfugaji yuleyule. Alipokuwa na ardhi, hakuwa na dola. Alipotaka kudai ardhi, akapewa dola ili asiweze kudai.

Hiki ndicho ninachokiona kuwa moyo wa utawala wa kikoloni katika sheria zake. Nguvu yake ilikuwa katika uwezo wa kusema, kila swali lilipozuka, huyu ni nani. Leo mtu asiye na serikali, kesho mtu wa taifa la kigeni, keshokutwa raia mtiifu. Neno letu himaya linatokana na kuhami, kulinda. Mahakama ilikaa Mombasa, kwenye ardhi ya pwani ambayo Waingereza waliikodi kwa Sultani wa Zanzibar tangu 1895, ikawaambia watu wanaolindwa kwamba ulinzi huo hauna mahali pa kuudai.

Wakili angeweza kwenda London kwenye Baraza la Mfalme. Hakwenda; fedha zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa wameshatawanyika kusini.

Baada ya hapo

Mtu anaweza kuuliza, je, mahakama ingewahesabu Wamaasai kuwa raia wa Mfalme, wangeshinda? Historia ilileta jibu upesi. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliongeza muda wa kukodisha kwa walowezi kutoka miaka 99 hadi 999, na ikajumuisha ardhi zilizokaliwa na Waafrika ndani ya ardhi ya taji. Mwaka 1920 Himaya ikageuzwa Koloni la Kenya, na wenyeji wakawa raia. Muda mfupi baadaye, katika kesi ya Isaka Wainaina iliyotoka Ukikuyuni, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba kwa sheria hizo Waafrika wamebaki kuwa wapangaji wa Mfalme, wakikaa kwa radhi yake tu. Mmaasai wa 1913 hakusikilizwa kwa sababu ni mgeni; Mkikuyu wa kesi ya Wainaina alisikilizwa kama raia na kuambiwa hana chochote. Kuna watu wanaozitenganisha kesi hizi mbili kana kwamba ni za makabila mawili. Mimi naziona kama kurasa mbili za waraka mmoja.

Kusini, maeneo ambayo leo ni kaunti za Narok na Kajiado, wahamiaji walikuta oltikana, homa ya kupe ambayo ndama wa Laikipia hawakuwa na kinga nayo. Wazee waliishi na wakafa wakiitaja Entorror kama mtu anavyomtaja marehemu.

Mwaka 1962, kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya pale Lancaster House, London, ujumbe wa Wamaasai uliibeba mikataba yote miwili na kuitaka Uingereza, ambayo ndiyo iliyotia saini, irudishe nchi kabla ya kuondoka. Uingereza ilikataa. Wamaasai nao wakakataa kutia saini makubaliano ya mkutano. Ardhi ya Laikipia ikapita kutoka serikali moja hadi nyingine ikiwa na wamiliki walewale kwenye hati.

Agosti 2004 ilitimia miaka mia moja. Wamaasai waliandamana Nairobi na kwingineko wakiwa na shuka nyekundu na hati ya madai. Laikipia wafugaji waliingiza ng'ombe kwenye mashamba makubwa ya mifugo, polisi wakafyatua risasi, na mzee mmoja akauawa. Wengi waliandamana wakiamini mkataba wa 1904 ulikuwa wa miaka 99 au 100 na sasa umekwisha, kwa hiyo nchi inarudi yenyewe. Serikali ikajibu kwamba ukodishaji wa mashamba yale ni wa miaka 999.

Imani hiyo ya miaka mia imeenea sana, nami nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, hata walimu. Nadhani ilizaliwa kwa kuchanganya mambo mawili: muda wa miaka 99 wa sheria ya 1902, uliokuwa wa walowezi kwa ardhi zao, na ahadi ya 1904, iliyokuwa ya Wamaasai. Nalisema hili bila kumshusha yeyote, kwa sababu anayeamini kwamba mkataba ulikuwa wa miaka mia anaukubali, bila kujua, kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa. Kwenye karatasi ambayo Lenana na Ole Gilisho walitia alama zao hakuna idadi ya miaka. Kuna maneno maadamu Wamaasai wapo, na asubuhi ile ya Agosti 2004 walikuwepo, wamejaa barabarani.